Mwalimu Asiye na Sharti

Walimu wenzake walimwita Mwalimu Ratiba, na jina hilo lilimganda mpaka wanafunzi wengine walimaliza shule wakiamini ndilo alilopewa na wazazi wake. Alifundisha Historia, tena aliifundisha vizuri, lakini hakuna aliyemkumbuka kwa Historia. Walimkumbuka kwa ule ubao mkubwa wa chumba cha walimu, uliojaa vikadi vya rangi rangi, kila mwalimu na rangi yake, kila kikadi na pini yake. Miaka ishirini na saba aliupanga yeye, na katika miaka hiyo yote hakuna madarasa mawili yaliyowahi kugombania mwalimu mmoja. Nenda kaulize shule za jirani kama wanaweza kusema hivyo.

Kazi yenyewe ilifanyiwa nyumbani, kwenye meza ya kulia, wiki mbili za mwisho wa likizo. Mumewe, mstaafu wa posta, ndiye aliyekuwa mkata kadi. Alikata kwa rula na mkasi, akapanga mafungu mafungu kama barua za kupelekwa, na ole wako umwambie kikadi kimoja kimezidi mwenzake. Wiki hizo mbili walikula sahani zikiwa magotini, maana meza ilikuwa imetekwa na shule, na usiniulize kwa nini, lakini ndizo wiki walizocheka kuliko zote za mwaka.

Watu walidhani ugumu wa ratiba ni hesabu. Hesabu nini bwana, hesabu mtu yeyote ataiweza ukimpa muda. Ugumu ni watu. Mwalimu wa Hisabati alikuwa na kisukari na hakutaka kijulikane, kwa hiyo kila siku saa tano alijikuta ana nafasi ya kutia kitu tumboni. Mwalimu wa Jiografia goti lilikuwa limemchoka, ingawa mwenyewe alisema ni ngazi ndizo zimechakaa, kwa hiyo vipindi vyake vyote viliangukia madarasa ya chini. Mwalimu wa Kiingereza na Mwalimu wa Kiswahili waliwahi kuchumbiana, kisha bwana akaenda kuoa kwingine, na tangu hapo hawakuwahi kujikuta wawili peke yao katika chumba cha walimu. Wenyewe walidhani ni bahati. Bahati gani hiyo ya miaka kumi na moja? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya shule ile ilikuwa Mwalimu Ratiba.

Siri nzito kuliko zote ilikuwa ya Mwalimu wa Kemia. Figo za mkewe zilikuwa zimegoma. Kila Jumanne na Alhamisi alfajiri alimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, akakaa naye mpaka saa nne. Mke alikuwa mtu wa fahari yake, hataki kuonewa huruma, na alikuwa amemwapisha mumewe kwamba kazini asijue mtu. Bwana yule alivumilia mwezi mzima wa kuchelewa na kusingizia gari, kisha siku moja akamfuata Mwalimu Ratiba katika stoo ya vitabu, akamweleza yote huku anatazama rafu. Mwalimu Ratiba hakumlundikia pole. Alimwahidi kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake, na jioni ile ile akahamisha vikadi vinne vya njano. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita, na ahadi ilikuwa bado nzima.

Basi miaka miwili baada ya ahadi hiyo akaja mgeni. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila huyu mwenyeji hakuwa amemwambia mtu kwamba anaumwa. Mkuu wa shule, mwanamke ambaye Mwalimu Ratiba alimfundisha tangu akivaa soksi moja juu moja chini, alikwenda semina akarudi na akili mnemba ndani ya kompyuta. Huko semina waliambiwa kwamba kitu hicho kinafikiri kama binadamu, hakichoki, hakisahau, na ukikiachia kazi wewe utabaki kunywa chai tu. Mkuu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alimpenda mwalimu wake, na zile likizo zinazoliwa na vikadi zilimuuma. Aliingiza majina, masomo na vyumba, akabonyeza, na baada ya dakika nne ratiba ikatoka.

"Mwalimu, sasa upumzike," akamwambia, akimkabidhi karatasi kwa mikono miwili kama zawadi.

Mwalimu Ratiba alishukuru, maana adabu alikuwa nayo. Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Mumewe alikuwa amekwisha nunua kadi za mwaka mzima na mkasi ameunoa. Aliposikia habari ya dakika nne, aliuliza mashine hiyo inatumia rangi gani. Akaambiwa haitumii rangi, ni nyeusi tupu. Akasema basi haijui kazi, akaurudisha mkasi kwenye droo, na usiku ule wakala mezani kama watu wengine. Hakuna aliyechekesha.

Ratiba mpya ilibandikwa siku ya Jumatano, shule ikitarajiwa kufunguliwa Jumatatu. Walimu walijaa mbele yake kama wanaotafuta majina yao kwenye matokeo. Mwalimu wa Hisabati alisifu mno, akasema hii ndiyo dunia inakokwenda, asiyetaka abaki nyuma. Mwalimu wa Kiswahili akasema ni debe tupu tu linavuma, watu wanatishwa na jina. Wakabishana pale robo saa, kila mmoja akiwa na uhakika kama kwamba kitu kile amekizaa yeye, mpaka mtu akasoma mstari wa mwisho kwa sauti na chumba kizima kikalipuka kicheko.

Mzee Kengele, mlinzi wa geti na mpiga kengele, alikuwa amepangiwa kufundisha Jiografia, vipindi viwili, Kidato cha Pili. Mkuu alikuwa ameingiza orodha nzima ya wafanyakazi, na mashine ilipoona mtu mmoja hana kipindi hata kimoja, ikamgawia. Haikumbagua. Na mzee mwenyewe, ambaye kabla ya geti aliendesha lori la masafa marefu kwa miaka kumi na tisa, hakuona kosa lolote. Kesho yake asubuhi alikuja amevaa tai, akaulizia chaki.

Mwalimu Ratiba hakucheka na wenzake. Jicho lake lilikuwa limekwama mahali pamoja: Jumanne, kipindi cha kwanza, Kemia, Kidato cha Nne. Akashuka mpaka Alhamisi. Kipindi cha kwanza na cha pili, Kemia. Alipogeuka, Mwalimu wa Kemia alikuwa nyuma yake anatazama palepale. Bwana yule akageuka, akatoka.

Mwalimu Ratiba alimkuta maabara, anaosha vyombo vya kioo ambavyo vilikuwa safi tayari. Bwana alisema atakwenda kwa mkuu amwambie mwenyewe, hakuna njia nyingine. Mwalimu Ratiba akamuuliza kuhusu kile kiapo.

"Mke wangu hatagomba," alisema Mwalimu wa Kemia. "Atanyamaza. Hicho ndicho ninachokiogopa."

Mwalimu Ratiba alimwomba asubiri mpaka kesho. Na kwa kuwa alikuwa na hasira, akaiporomoshea ile mashine maneno ambayo mwalimu wa Historia hapaswi kuyajua. Mwenzake akafunga bomba la maji.

"Usiitukane sana, Mwalimu. Mimi mke wangu anaishi kwa mashine."

Mwalimu Ratiba aliondoka na maneno hayo mpaka nyumbani.

Alhamisi mchana alikwenda kwa mkuu akamwambia ratiba ina kasoro na angependa kuirekebisha. Mkuu alifurahi badala ya kukasirika. Alisema hiyo ndiyo kazi ya mashine, unaiandikia kama unavyomwandikia mtu, unaieleza sababu, yenyewe inapanga upya. Alikuwa anakimbilia kikao cha wakuu wa shule, kwa hiyo akamkalisha Mwalimu Ratiba kwenye kiti chake mwenyewe, akamwonyesha pa kuandika, akaenda zake.

Sababu! Mwalimu Ratiba alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Sababu ndicho kitu pekee asichoweza kukiandika. Angeandika nini, kwamba figo za mke wa fulani zimegoma? Kwamba yule hapatani na yule kwa sababu ya pete iliyorudishwa? Miaka ishirini na saba alibeba mambo ya watu bila kuyaangusha, leo ayamwage kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi, ambacho kesho mkuu atakisoma akinywa chai? Alikaribia kuinuka. Aliwaza kwamba hapa ndipo alipofika mwisho, na kwamba yule bwana atamwambia mkuu, na mama yule atarudi kutoka hospitali akanyamaza.

Ndipo akawaza jambo dogo. Yeye ameambiwa aieleze sababu. Hajaambiwa iwe ya kweli.

Akaandika kwa vidole viwili, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo: Kemia isifundishwe Jumanne na Alhamisi kabla ya saa nne na nusu, kwa kuwa gesi ya maabara haipandi vizuri asubuhi za siku hizo.

Uongo mtupu, tena wa aibu. Mtoto wa darasa la saba angeuliza gesi inajuaje kwamba leo ni Jumanne. Akabonyeza, akangoja kusutwa. Mashine ikajibu kwa Kiswahili kilichonyooshwa kama tangazo la serikali kwamba imeelewa, ikampongeza kwa kujali usalama wa wanafunzi, ikamwongezea na mashauri manne juu ya matumizi salama ya gesi. Mwalimu Ratiba alicheka mpaka akafuta miwani. Hii ndiyo ile inayofikiri kama binadamu? Binadamu angekwisha nusa zamani. Lakini papo hapo akaona faida ya ubwege ule: haiulizi kwa nini. Walimu wangeuliza kwa nini, mkuu angeuliza kwa nini, hata mumewe angeuliza. Hii unaiambia gesi haipandi, nayo inasema sawa.

Akaingia kazini. Mwalimu wa Hisabati awe huru saa tano, ana usimamizi wa vifaa. Vifaa gani, haikuuliza. Jiografia ifundishwe madarasa ya chini tu, ramani ni nzito kupandisha. Kiingereza na Kiswahili wasiwe na nafasi pamoja, viti vya chumba cha walimu havitoshi. Mwalimu mpya wa Baiolojia, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani, akapata saa sita yake kwa ajili ya kumwagilia mimea. Akapita kwa mwalimu mmoja mmoja, akamvalisha kila mtu uongo unaomtosha. Hata Mzee Kengele hakumnyang'anya tai yake: alimwachia kipindi kimoja kati ya viwili, awe anaeleza barabara na mipaka, na Mwalimu wa Jiografia mwenyewe apumzishe goti. Saa nzima ilipita. Alipomaliza alibonyeza, akaegemea kiti cha mkuu kama mwenye nacho.

Mashine haikutoa ratiba. Ilitoa swali. Aliandikiwa kwamba watu ishirini na watatu katika orodha wamewekewa angalau sharti moja, na kwamba mwalimu wa Historia hana sharti lolote. Je, ungependa kuongeza?

Alisoma mara ya kwanza haraka haraka. Mara ya pili alisoma taratibu. Mara ya tatu hakuona vizuri, macho yalikuwa yamejaa.

Si kwamba alikuwa mjinga. Alijua kitu kile hakimpendi wala hakimchukii. Kimehesabu mistari, kimeona mmoja uko mtupu, kimeuliza. Lakini miaka ishirini na saba alikuwa amewauliza wenzake, kwa mdomo au kwa jicho, wewe unahitaji nini, na hakuna hata siku moja mtu alimgeuzia swali. Na kusema haki, hata yeye hakuwa amejiuliza. Kinyozi hajinyoi. Alikuwa amekaa pale na uchungu na furaha vimechanganyika, hajui kipi akitangulize.

Kitu alichokitaka alikijua, na kilikuwa kidogo. Ijumaa, kipindi cha mwisho, Kidato cha Tatu B. Darasa la Tatu B, Ijumaa mchana, lilikuwa linakimbiwa na kila mwenye akili zake, kwa hiyo tangu enzi na enzi alijipa mwenyewe. Mgawaji akijikatia pazuri nani atamwamini? Wenzake wakawa wanaondoka saa nane, yeye anatoka saa tisa na nusu, amekauka koo, anamkuta mumewe amesimama getini. Kila Ijumaa tangu bwana huyo astaafu, miaka sita, amesimama juani, na kila Ijumaa anasema alikuwa anapita tu.

Akaandika: mwalimu wa Historia asiwe na kipindi cha mwisho Ijumaa. Akafuta. Akaandika tena. Akatafuta uongo wa kuambatisha, akakosa, akaacha hivyo hivyo bila sababu. Mashine ikasema sawa.

Ratiba ikatoka. Tatu B ya Ijumaa ilikuwa imehamia kwa Mwalimu wa Kemia, ambaye alikuwa na nafasi saa hiyo. Akataka kuirudisha. Kabla hajajua arudishe vipi, mkuu akaingia kutoka kikaoni, akainama kusoma masharti kwenye kioo, moja baada ya jingine. Akafika kwenye gesi.

"Mwalimu," alisema pole pole, "gesi ya maabara yetu iliisha mwaka juzi."

"Ndiyo maana haipandi."

Mkuu alimtazama mwalimu wake, akarudi kwenye kioo. Alitazama viti ambavyo havitoshi, na mimea ambayo shule haikuwa nayo. Hakuuliza lolote. Alibonyeza kichapishi, karatasi ikaanza kutoka, na wakati wanaingoja akamuuliza tu, kwa unyenyekevu wa mwanafunzi, kama kitu hiki kina maana au amepigwa changa la macho huko semina.

Mwalimu Ratiba aliipokea karatasi. Alisema kwa mambo ya watu kitu hicho bado ni bwege, hakijui goti wala moyo, na aliyesema kinafikiri kama binadamu huenda binadamu anaowajua ni wachache. Lakini kinasoma orodha mpaka mstari wa mwisho, na sisi wengine huwa hatufiki.

Jumatatu, baada ya kengele ya kwanza, Mwalimu wa Kemia alimfuata stoo ya vitabu, mahali palepale. Alikuwa ameshaona Jumanne na Alhamisi zake. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mashine imeambiwa. Akaelezwa habari ya gesi, akacheka kicheko cha mtu ambaye hajalala siku nne. Kisha Mwalimu Ratiba akaanza kujitetea juu ya Tatu B, kwamba haikuwa nia yake, kwamba atairudisha. Mwenzake akainua mkono.

"Miaka miwili hukuniuliza kitu. Na mimi sikuulizi. Tatu B niachie."

Ijumaa ikafika. Saa nane Mwalimu Ratiba alifunga mkoba wake, akatoka kwenye jua la mchana kama mwizi, akitazama nyuma. Mzee Kengele, na tai yake shingoni, alitazama saa ya ukutani, akamtazama yeye, akafungua geti.

Nyumbani alimkuta mumewe amevaa singlendi, anapiga pasi shati. Lilikuwa lile la buluu. Alilijua shati lile. Alilikuta getini kila Ijumaa, limenyooka, na hata siku moja hakuwaza kwamba kuna mtu anasimama mezani kulinyoosha. Viatu vilikuwa mlangoni vinameremeta. Mume alishtuka, akauliza kama anaumwa. Hapana. Akauliza kama shule imeungua. Akamwambia haijaungua, ratiba imempa nafasi, atakuwa anatoka mapema Ijumaa zote.

"Ile mashine?"

"Iliniuliza kama nina ninachotaka," alisema. "Miaka ishirini na saba, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mume alisimamisha pasi, akaichomoa kwenye umeme, akalikunjua shati, asione mkunjo wowote.

"Mimi nilikuuliza," alisema, bila ubishi. "Mwaka niliostaafu. Nilikuuliza kama iko Ijumaa unayoweza kuja mapema, ukaniambia ratiba haina nafasi. Na vikadi nilivikata mimi, nilijua ipo."

Mwalimu Ratiba alivuta kiti akakaa. Alikumbuka. Alikuwa na pini mdomoni siku ile, na macho kwenye goti la Mwalimu wa Jiografia, na alijibu bila kuinua kichwa. Watu ishirini na wangapi aliwasoma bila wao kusema, na huyu mmoja aliyesema kwa mdomo wake alimpita. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona anapendwa, kwa muda mrefu, na mtu mwenye subira kuliko mashine yoyote.

"Nilikusikia," alimwambia. "Sikujua kwamba unauliza. Nisamehe, mume wangu."

Mume hakusema amesamehe wala hajasamehe. Jambo hilo kwake lilikuwa limekwisha zamani. Lililomsumbua lilikuwa jingine. Alisimama na shati la moto mkononi, akatazama viatu mlangoni, akatazama saa.

"Sasa Ijumaa mimi nikakungoje wapi?"

Mwalimu Ratiba alicheka, na machozi yakatoka yote mara moja. Akainuka, akalichukua shati, akamvalisha mkono mmoja mmoja, akafunga vifungo mpaka cha juu.

"Tangulia getini," akamwambia. "Nakuja."

Akamwacha aende. Aliosha uso, akabadili gauni, akachana nywele, mambo ambayo hajawahi kuyafanya Ijumaa saa hizo, kisha akafuata njia ile ile aliyokuja nayo. Kutoka mbali alisikia kelele za Tatu B, na sauti ya Mwalimu wa Kemia ikijaribu kuogelea juu yake. Mumewe alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, na shati lake la buluu, anapiga soga na Mzee Kengele kuhusu barabara. Alimwona anakuja, akanyoosha kola, akatazama saa yake kwa makini kama mtu wa posta.

"Leo umewahi," alisema. "Mimi nilikuwa napita tu."